Kadi ya Delta Gold: nipandishe au nifunge?

Wakuu mlioko Marekani, nina ile Amex (American Express) ya Delta Gold, kadi ya mkopo inayokupa maili, yaani pointi za shirika la ndege la Delta, mwaka wa kwanza ilikuwa bure sasa wanataka ada dola 150. Nipande Platinum ya dola 350 au nifunge tu? Na maili zangu je, maana nazitunzia safari ya Nairobi.

Jibu: Maili hazipotei mkuu, zinakaa kwenye akaunti ya SkyMiles (mpango wa maili wa Delta) sio kwenye kadi, na haziekspaya. Kenya Airways wako SkyTeam, muungano wa mashirika ya ndege pamoja na Delta, hata kwao unazitumia.

Jibu: Usikimbilie kupandisha! Ukipandisha unaweza kuikosa bonasi ya kukaribishwa ya Platinum (maili za zawadi kwa mwenye kadi mpya), bora uiombe upya kama kadi mpya. Halafu ile tiketi ya Platinum ya kusafiri na mwenzako wanakupa ukishalipia mwaka wa pili, na Afrika haifiki, ni Marekani, Meksiko, Karibiani na Amerika ya Kati basi.

Jibu: Kama husafiri sana waambie wakushushe Blue, kadi ya Delta ya chini, haina ada na akaunti ya kadi inabaki na umri wake kwenye rekodi yako ya mikopo. Ila begi la bure kwenye ndege za Delta ndo bai bai, na kwa mwenye familia begi peke yake linarudisha ile 150.