Hatua ya 64 haipitiki bila kulipa, na wenye gemu wanajua!

Wadau, nimekasirika na sitaficha. Nazungumzia ile gemu ya kupika kiamsha kinywa ambayo ukipanda matatu ya Kondele hapa Kisumu hukosi kumwona mtu ameiinamia. Nikisema hoteli ya ufukweni na yule mzee wa kofia anayeagiza mayai matatu kila akija, mnaoicheza mmeshaijua.

Tangu apdeti ya juzi, hatua ya 64 haipitiki. Sisemi ni ngumu. Ngumu tunaipenda, ndiyo iliyotuleta. Nasema haipitiki, na hesabu ni hii hapa.

Hatua ina sekunde 60. Una vikaango vitatu usipolipia cha nne, kila kimoja yai moja. Sharti lake ni kwamba usimpoteze mteja hata mmoja. Nilirekodi skrini, nikaitazama video polepole, nikaandika kwenye karatasi kila mteja na alichoagiza. Mayai yote yanayotakiwa ni 27. Kabla ya apdeti yai liliiva kwa sekunde 5, sasa linaiva kwa sekunde 7. Sekunde 60 ukizigawa kwa 7 unapata mizunguko 8 kamili, kila mzunguko mayai 3, jumla 24. Na hiyo ni kama kidole chako hakichelewi hata kidogo, yai likitoka lingine limeshaingia, na mteja wa kwanza ameagiza kabla saa haijaanza kuhesabu. Hakuna binadamu wa hivyo. Mayai 24, wateja wanataka 27. Hayo matatu yatoke wapi?

Zamani mizunguko ilikuwa 12, mayai 36. Ulikuwa na akiba ya mayai 9, kwa hiyo ukichoma moja mbili ulijipanga upya ukaendelea. Ushindi ulikuwa wako na kushindwa kulikuwa kwako. Sasa umeshindwa kabla hujagusa skrini.

Halafu tazama kinachofuata. Mteja wa mwisho anaondoka amenuna, skrini inafifia, na palepale linafunguka dirisha linalong'aa: nunua kikaango cha nne kwa almasi, yaani sarafu za gemu unazozinunua kwa pesa halisi. Si dakika moja baadaye, ni hapo hapo, damu ikiwa bado imechemka. Mtu aliyebadilisha 5 ikawa 7 ndiye aliyeliweka dirisha hilo pale. Hiyo si bahati mbaya.

Niwaambie kwa nini inaniuma. Nimekulia kwenye hoteli ya mama mdogo, karibu na soko la Kibuye. Jumapili alfajiri wenye mitumba wanashusha mizigo, wenye mboga wamefika kutoka vijijini, na wote wanataka chai kwa wakati mmoja. Chai ya maziwa iko jiko moja, mandazi kwenye karai, chapati jiko la pili, na kuna makanga amesimama mlangoni anataka mayai mawili na gari lake linanguruma nje. Huwezi kuwahudumia kwa kufuata nani alifika kwanza tu. Unamwekea makanga mayai kwanza kwa sababu yanaiva haraka na yeye haketi, unageuza chapati ukipita, unamwagia mzee chai ili awe na kitu mkononi akingoja mandazi. Mama mdogo hakunifundisha kwa maneno. Nilimtazama mikono.

Gemu hii iliujua ufundi huo. Unaanza na pankeki kwa sababu zinachukua muda, unaweka tosti, kahawa unaiacha ijae yenyewe, mayai unayapiga mwisho ili yatoke pamoja na vingine. Ule mstari juu ya yai ulikuwa unatoka njano kwenda kijani, na ukilitoa kijani kikijaa kabisa mteja anaongeza bakshishi. Ukihudumia watatu mfululizo, sarafu zinaongezeka. Nilimwonyesha mama mdogo, akaicheza kwenye simu yangu mpaka chaji ikaisha, na alikuwa stadi kunishinda. Mwanamke huyo hajawahi kucheza gemu nyingine maishani mwake. Huo ndio uzuri ambao wameuharibu kwa makusudi.

Na msiniambie gemu za hoteli ndivyo zilivyo. Sizo. Diner Dash ilipotoka mwaka wa 2004, mhusika wake Flo akiacha kazi ya ofisi akafungue mkahawa wake, watu waliijaribu bure kwanza, na aliyeipenda akainunua ikawa yake. Waliosoma miaka ya 2010 wanakumbuka saiba za mjini, vile vyumba vya kompyuta za kulipia, na gemu ya Papa's Pancakeria ya mwaka wa 2012: unachukua oda, unakaanga, unapamba sahani, na alama zako zinatokana na ulivyosubirisha mteja na ulivyopika. Tulilipia muda wa saiba tu. Flash, programu iliyoendesha gemu hizo kwenye vivinjari, ilipofungwa mwisho wa 2020, nyingi za aina hiyo zikapotea kwenye vivinjari, tukahamia simu. Huku ndiko tulikokuta almasi.

Sasa jambo lililonifanya nifungue uzi huu. Kikaango cha nne NILISHAKINUNUA. Nilikilipia kwa M-Pesa kabla ya apdeti, na maandishi ya wakati ule yalisema ni cha kudumu. Picha ya skrini ninayo. Baada ya apdeti nimekikuta kimewekewa saa pembeni: siku 7, zikiisha unakodi tena. Kitu nilichouziwa kimegeuzwa cha kukodi bila kuulizwa! Nikawaandikia. Jibu lililokuja ni la mashine: asante kwa kuwasiliana nasi, tafadhali zima simu na uiwashe tena. Nimeeleza habari ya pesa, naambiwa nizime simu.

Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 46, inasema mtumiaji ana haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidi alichonunua. Pia haki ya kulindwa katika masilahi yake ya kiuchumi. Haijasema haki hizo ni za anayenunua unga na sabuni pekee. Pesa yangu ni pesa, iwe imenunua kikaango cha chuma au cha kwenye simu.

Matangazo nayo. Zamani ulicheza bila intaneti, sasa haifunguki bila bando, na kila ukishindwa unatazama video mbili. Mnajua bei ya bando. Sina la kuongeza.

Ila kuna lile kapu la bahati. Unalipa almasi, kapu linazunguka, huenda ukapata sufuria ya dhahabu, mara nyingi unapata aproni. Mpwa wangu wa miaka 9 anaicheza gemu hii, na kapu lina sauti na taa kama za mashine za kamari tulizoziona zikimaliza pesa za vijana mitaani. Ubelgiji mwaka wa 2018 wasimamizi wa kamari walichunguza gemu kadhaa kubwa na kusema makapu ya kulipia ya aina hii ni kamari, wakadai yaondolewe. Nchi nzima imeliona. Sisi tumewaachia watoto wabonyeze.

Ninachotaka ni hiki. Yai lirudi sekunde 5, au mayai yapunguzwe yafikie 24 na chini yake. Vikaango vilivyouzwa kuwa vya kudumu virudi kuwa vya kudumu. Kapu lifungwe kwa akaunti za watoto. Wakitaka kuuza mapambo ya ukuta, vitambaa vya meza, nguo za mpishi, wauze, nitanunua hata mimi. Wasiuze ushindi.

NYONGEZA: Kuna aliyeandika "ni gemu tu, ifute". Ndugu yangu, nikiifuta kikaango nilicholipia kinabaki kwao na pesa inabaki kwao. Siendi popote.

NYONGEZA 2: Dada wa Nakuru ameniandikia kwamba kwake yai bado ni sekunde 5 na hatua ya 64 ameipita bila kulipa. Tumelinganisha, yeye hajaweka apdeti. Kwa hiyo kama bado uko kwenye toleo la zamani, fungua ukurasa wa gemu hii kwenye Play Store, gusa vitone vitatu juu, uzime apdeti za kiotomatiki sasa hivi kabla simu haijajifanyia yenyewe. Na huo ni ushahidi mwingine kwamba tatizo si vidole vyetu.

Mlionunua kitu ndani ya saa 48 zilizopita, ombeni kurudishiwa pesa kupitia Google Play yenyewe, muda huo ukipita mnaelekezwa kwa watengenezaji, na jibu lao mmeshalisoma hapo juu. Mkiipa nyota moja, msiandike matusi, maoni ya matusi yanafutwa. Andikeni hesabu: sekunde 60, vikaango 3, sekunde 7, mayai 27. Na kila aliyenunua kikaango cha kudumu kikageuzwa cha siku 7, abandike picha ya risiti hapa chini, namba ya simu aifunike. Nazikusanya zote tuzitume kwa barua moja. Video yangu ya hatua ya 64 naipandisha jioni, stima ikirudi.