Vigae vya 60 kwa 60 sebuleni: nianzie wapi?

Wakuu, sebule ina mita 4.3 kwa 3.7, vigae ni sentimita 60 kwa 60, nafasi ya grauti (uji wa saruji wa kuziba kati ya vigae) milimita 3. Nianzie ukutani? Na ninunue vingapi?

Jibu 1
Usianzie ukutani, mkuu. Upande mrefu utaingiza vigae 7 vizima, kisha ukanda wa sentimita 7 tu, ambao huvunjika wakati wa kukata na huanika kila kasoro ya ukuta. Weka 6 vizima katikati, masalio yagawe pande zote mbili, kila upande sentimita 33 hivi. Upande mfupi weka 5 vizima. Pembeni zitabaki 33 vilevile.

Na tafadhali usihesabu kwa eneo! Mita za mraba 15.9 na asilimia 10 juu zinakupa vigae 49, havitoshi. Kipande cha 33 kinakula kigae kizima, maana kinachobaki hakifiki 27, hakitoi kipande kingine cha 33. Hesabu nafasi: 8 kwa 7 ni 56. Ongeza 4 vya akiba, vyote vya toleo moja, kwani rangi hutofautiana.

Jibu 2
Naongezea. Piga mistari miwili ya katikati, kisha kagua pembe inapokutana: sentimita 90 kwenye mstari mmoja, 120 kwenye wa pili, mshazari usome 150 kamili. Kwa vigae 6, kiungo cha vigae viwili hukaa juu ya mstari. Kwa 5, ni katikati ya kigae.

Ukutani acha milimita 6 bila grauti, skatingi (ukanda wa chini ya ukuta) itaficha. Ukiziba, vigae vikitanuka huinuka.

Muulizaji
Asanteni, nanunua 60.