Kumpeleka mama Las Vegas siku tatu: naombeni ushauri kabla sijalipa

Kutoka: Dada wa Forest, Mbeya (makazi Houston)

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, hamjambo.

Nawaandikia nikiwa nyumbani Mbeya, Forest ya Zamani. Nilikuja likizo ya wiki tatu, na safari hii narudi Houston na mama. Viza yake anayo, tiketi tumekata, tunaanzia Songwe mwishoni mwa mwezi huu wa saba. Huku baridi imetukalia. Asubuhi mama hatoki jikoni, anaota moto na kitenge juu ya sweta.

Shauri lenyewe ni hili. Binti yangu ana miaka 17, na ameshikilia kwamba bibi yake lazima aione Las Vegas, Jumatatu hadi Alhamisi. Shemeji yangu anasema yeye alilala huko kwa dola 39 kwa usiku, kwa hiyo siku tatu hazitafika dola 120. Nauli ya ndege ya kutoka Houston nimeshalipa, na nimetenga dola 1,200 nilizovuna kwenye kikoba kwa ajili yetu watatu. Shemeji naye anakuja. Atajilipia, na hafichi kwamba anakwenda kujaribu bahati.

Mama ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mwanakwaya wa Moravian, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Jana usiku ameniuliza: "Huko si ndiko kwenye kamari? Mimi naenda kufanya nini?" Nilikosa jibu.

Naomba mnisaidie. Hiyo bei ni ya kweli? Binti wa miaka 17 anaruhusiwa kuingia? Na kuna nini pale cha kumpa mama furaha?

Kutoka: Mama wa Tukuyu, Henderson, Nevada

Marahaba mdogo wangu. Ugonile.

Mimi naishi Henderson, jirani kabisa na Las Vegas, mwaka wa kumi na moja huu. Miaka tisa nimetandika vitanda kwenye hoteli za Strip, ile barabara kuu ya hoteli na kasino, kwa hiyo mengine nitakayokuambia nimeyaona nikiwa na ndoo mkononi.

Shemeji hakudanganya, ila amekupa nusu ya hesabu. Dola 39 ni bei ya kitanda tu. Juu yake kuna ada ya rizoti, ambayo hoteli nyingi za pale hutoza kila siku hata kama hukugusa bwawa la kuogelea wala intaneti yao. Ni kati ya dola 35 na 55 kwa usiku, inategemea hoteli. Halafu kuna kodi ya chumba, takriban asilimia 13, inayokatwa kwenye vyote viwili. Chukua ada ya dola 45: usiku tatu ni 135, ongeza 117 za kitanda, piga kodi, unakaribia dola 285. Tangu Mei 2025 sheria ya serikali kuu inawalazimisha kuonyesha bei kamili mapema, kwa hiyo tazama jumla ya mwisho na usishangilie namba ndogo. Siku ulizochagua ni nzuri. Ijumaa na Jumamosi chumba hicho hicho kinaweza kupanda hata mara tatu.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipoumia. Mara ya kwanza nilikuja kama mgeni, mimi na mume wangu, kabla hatujahamia. Mapokezi nikatoa kadi ya benki, ile ile inayopokea mshahara. Wakazuia dola 100 kwa kila usiku kama dhamana. Mimi nilidhani wanasajili jina tu. Tuliondoka hatudaiwi hata senti, lakini fedha ile ilikaa imefungwa siku sita, na kodi ya nyumba ikaangukia katikati. Siku ya nne nilisimama dukani na kopo la maziwa ya mtoto mkononi, kadi inakataa, watu wamepanga foleni nyuma yangu. Nililirudisha kopo kwenye rafu. Mpaka leo nikipita rafu ya maziwa nakumbuka. Kwa hiyo uliza kabla: mnazuia kiasi gani, na mnaachia baada ya siku ngapi? Toa kadi ya mkopo kama unayo, na kadi ya mshahara ibaki kwenye pochi.

Jambo lingine la chumbani: friji ndogo yenye soda na karanga. Katika hoteli nyingi kila kitu kimekaa juu ya kihisio. Ukiinua chupa kusoma maandishi, bei imeshaingia kwenye bili. Nimeona wazee wa watu wakibishana mapokezi huku machozi yanawalenga kwa sababu waliweka dawa zao za sukari humo ndani na kusogeza vitu. Mwambie mama asiiguse kabisa. Dawa zinazohitaji baridi, omba friji ya pembeni.

Binti wa miaka 17 anaingia hotelini na anapita kwenye ukumbi wa kasino akiwa nawe, ila haruhusiwi kusimama kwenye mashine wala meza. Umri wa kucheza ni miaka 21, na walinzi hawana mzaha. Hata kusimama nyuma ya shemeji kumwangalia ni kosa. Usiku asitembee peke yake.

Tatizo kubwa kwa mama halitakuwa kamari, utakuwa moshi. Nevada wanaruhusu kuvuta sigara ndani ya kasino, na hoteli nyingi zimejengwa ili usifike kwenye lifti bila kukatiza ukumbi huo. Mama wa kwaya, mapafu yake ni chombo chake cha kazi. Mtafutie Park MGM, ambayo tangu 2020 hairuhusu sigara ndani, au Vdara, ambayo haina kasino kabisa. Zitakuwa ghali kuliko za shemeji. Lipa.

Halafu joto. Mwezi wa saba na wa nane tunapita nyuzi 40 kila siku, na tarehe 7 Julai 2024 ilifika karibu nyuzi 49. Usifikirie joto la Kyela. Kyela unalowa jasho na unajua umechoka. Huku ni jangwa: jasho linakauka kabla hujaliona, ngozi inabaki kavu, unajiona mzima, kisha unaanguka. Mama anatoka kwenye baridi ya Mbeya moja kwa moja. Awe na chupa ya maji kila saa hata kama hana kiu, na kile kitenge akibebe, kwa sababu ndani ya majengo kipoza hewa kinapiga kama asubuhi ya Forest.

Na umbali unadanganya. Strip ina urefu wa karibu kilomita 7, na majengo ni makubwa mno kiasi kwamba hoteli unayoiona "hapo tu" ni mwendo wa nusu saa, na madaraja ya waenda kwa miguu juu yake. Magoti ya mama hayatakubali. Panga jambo moja tu kila jioni. Chemchemi za hoteli ya Bellagio ni bure, jioni zinacheza kila robo saa hadi usiku wa manane, upepo mkali tu ndio huzizuia. Ukumbi wao wa maua ni bure pia, na mama akianza kutaja majina ya maua mtakaa saa nzima. Ile Sphere, jumba la mviringo kama mpira lililofunguliwa 2023, itazameni kwa nje, nayo haina malipo. Fremont Street ina dari ya taa ya kushangaza, lakini kuna watu waliovaa nusu uchi wanaokuvuta mpige picha kisha wanadai fedha. Wewe unamjua mama, amua.

Lakini mwalimu wa jiografia anakuja halafu asipelekwe bwawa la Hoover Dam? Haiwezekani. Ni kilomita 50 hivi kutoka mjini, mpakani mwa Nevada na Arizona, kwenye mto Colorado. Lilianza kujengwa 1931, mwaka ule ule Nevada iliporuhusu kamari, na Rais Roosevelt alilizindua 1935. Ukuta una kimo cha meta 221. Nyuma yake kuna Ziwa Mead, na kwenye miamba mama ataona mkanda mweupe unaoonyesha maji yalikokuwa. Mwaka 2022 yalishuka chini kuliko wakati wowote tangu ziwa lijazwe. Hapo mama atawafundisha ninyi.

Kutoka: Kaka wa Mafinga, Minneapolis

Kamwene dada. Mama wa Tukuyu amemaliza habari za hoteli. Mimi naandika kwa ajili ya shemeji, na naomba umsomee yote.

Mwaka 2019 nilikwenda na marafiki wawili. Nilikuwa na dola 400 za kuchezea. Usiku wa kwanza nikatoka na 660. Sijawahi kulala na furaha kama ile. Usiku wa pili zikaisha zote, na mimi nikasema narudisha zangu tu, kisha naondoka. Pale ndani kuna mashine ya kutolea fedha kila kona, na makato yake ni makubwa. Nilikwenda mara tatu. Zilizotoka zilikuwa dola 1,900 za bati za nyumba ya mama yangu Mafinga. Saa ya ukutani haipo, dirisha halipo, na ukiwa unacheza wanakuletea bia ya bure. Nilipotoka nje nikakuta jua limeshapanda.

Mvua za Novemba zikakuta nyumba haina paa. Mdogo wangu alinitumia picha: kozi tatu za juu za tofali zimemomonyoka, na mama amesimama pembeni na turubai la bluu ambalo halikutosha. Hakuniuliza fedha imekwenda wapi. Nilimwambia mwenyewe mwaka uliofuata.

Shemeji atasema ana mbinu. Basi mpe hesabu ya ruleti. Gurudumu la Kimarekani lina vijumba 38: namba 1 hadi 36, kijumba kimoja cha sifuri (0), na kimoja cha sifuri mbili (00). Ukipatia namba unalipwa 35 na dola yako unarudishiwa. Sasa jaza meza nzima, dola moja kila kijumba, uwe na uhakika wa kushinda. Umetoa 38, unapewa 36. Ukiwa na uhakika kabisa, bado wamekukata mbili. Na siku hizi baadhi ya meza za Strip zina sifuri tatu, vijumba 39, malipo yale yale. Hakuna mbinu inayoziba hizo mbili, wala ya dubwi za sarafu pale Mwanjelwa wala ya mkeka wa mpira.

Kama lazima acheze, kadi zote akupe wewe, dada. Aingie na noti mfukoni, kiasi ambacho angelipia tiketi ya tamasha, na zikiisha tamasha limekwisha.

Kutoka: Binti wa Njombe, Maryland

Shikamooni. Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakili wa uhamiaji, naongeza machache.

Mtasikia harufu ya bhangi barabarani kila mahali. Nevada imeihalalisha kwa watu wazima tangu 2017, lakini kwa sheria ya serikali kuu bado ni haramu, na uhamiaji wanafuata sheria hiyo. Mwenye viza au kadi ya ukaazi akikiri tu kuwahi kuvuta, anaweza kukwama mpakani au kwenye maombi ya uraia. Shemeji na binti wasiguse, hata peremende zake, na wasipige nazo picha.

Kwa ndege za ndani mama atumie pasipoti yake ya Tanzania, inakubalika. Binti chini ya miaka 18 akiwa na mtu mzima hadaiwi kitambulisho.

Kodi nayo: shemeji kama si mkaazi kikodi, ushindi mkubwa wa mashine unakatwa asilimia 30 pale pale, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kumpunguzia. Ruleti na blackjack, ule mchezo wa karata, haziingii kwenye makato hayo. Simhamasishi, nataka tu asije akapiga kelele dirishani.

Kutoka: Dada wa Forest, Mbeya

Ndaga fijo, dada yangu wa Tukuyu. Asanteni wote.

Nilimsomea mama jikoni, neno kwa neno. Ulipofika ule mkanda mweupe kwenye miamba akaweka chini kisu cha viazi. Aliwahi kuwapeleka wanafunzi wake bwawa la Mtera mwaka wa ukame, wakaona visiki vya miti vimetokeza juu ya tope. Akaniuliza kama Wamarekani nao waliona visiki. Tangu hapo haulizi tena atafanya nini huko. Anauliza tutafika siku gani.

Nimelipia hoteli isiyo na kasino, usiku tatu, jumla ya mwisho dola 618 kwa kadi ya mkopo. Inauma, lakini bado tuna fedha ya chakula na gari. Mkiniambia korongo la Grand Canyon, nitakataa: upande wa karibu ni saa mbili na zaidi kwenda tu, magoti hayataki.

Shemeji nilimpigia simu na kumsomea barua ya Kaka wa Mafinga. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema atakuja na dola 150 taslimu na kadi nitashika mimi.

Mama wa Tukuyu, tutakuwa huko Jumatatu jioni. Nikuletee nini kutoka nyumbani?

Kutoka: Mama wa Tukuyu, Henderson, Nevada

Majani ya chai ya Rungwe, pakiti mbili, zilizofungwa kiwandani ili forodha wasisumbue.

Gari msikodi kwa Jumanne. Nina zamu ya jioni, kwa hiyo saa moja na nusu asubuhi nitakuwa mlangoni kwenu kabla jua halijakaza. Mama akae mbele na mimi, kiti kile kinarudi nyuma sana na magoti yatanyooka. Kofia ninazo za kutosha. Mwambie abebe na daftari.