Tupeane uzoefu: mliokwenda Karamoja likizo, mlijipangaje?

Wakuu, habari za jioni. Niko Tororo. Januari, shule zikiwa zimefungwa, nataka kuwapeleka watoto wangu wawili Karamoja, kule kwa wafugaji kaskazini-mashariki mwa Uganda, kwa siku sita. Naomba kila aliyefika aeleze alivyojipanga. Nianze na yangu.

Safari ya kwanza nilikwenda na wenzangu wa kazini. Ratiba yote ilikuwa ya wanyama wa hifadhi ya Kidepo, na manyatta, yaani boma la wafugaji, tukaitengea saa moja tu karibu na mji wa Moroto. Mzee mmoja alikuwa kivulini, amekalia ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho usiku hugeuka mto wa kulalia. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, kwetu tunafuga nini, na kama mvua imenyesha. Nilikuwa bado kwenye swali la pili dereva akapiga honi. Nikamuaga mzee huku jibu la mvua likiwa mdomoni. Jambo lile linaniuma mpaka leo. Safari hii nataka kulala palepale.

*Dereva, Mbale*
Ndugu, Januari ni kukavu na barabara inapitika. Mvua za huko huanza Aprili hivi hadi Septemba, na ukitoka Moroto kwenda Kotido na Kaabong ule udongo mweusi unanasa gari kama gundi. Mimi nililala njiani usiku mzima Julai, na abiria wanne. Mito ya mchanga nayo usiiamini: unaiona mikavu, kumbe mvua imenyesha mlimani, na maji yanakuja yote kwa mkupuo. Beba maji ya kunywa ya siku mbili na gurudumu la akiba, na pesa taslimu toa ukiwa Moroto.

Ila ujue kitu kimoja. Kiangazi vijana huhama na ng'ombe kwenda malisho ya mbali. Manyatta utakuta wazee, akina mama na watoto. Kama hamu yako ni edonga, ile ngoma ya kuruka, nenda baada ya mavuno.

*Mwalimu mstaafu*
Nilifundisha Kotido miaka mingi, kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Tafuta kwanza kijana wa hapohapo anayeongoza wageni, yeye ndiye atakayekuombea ruhusa kwa wazee. Ada ya kijiji muelewane kabla ya kuingia, wala usigawe pipi au noti kwa watoto mlangoni. Kama una zawadi, mkabidhi mkubwa wa kijiji mbele ya watu. Picha, omba kwanza. Mtu si twiga.

Wafundishe watoto wako salamu ya Kikarimojong, lugha ya huko: "Ejoka?" Wakisalimiwa wao, wajibu "Ejok nooi." Utaona nyuso zinavyofunguka! Na waambie milango ni ya chini sana, mtu huingia kwa kutambaa. Nyumba hizo hujengwa na wanawake, basi kama una binti, akae na akina mama aone fito zinavyofungwa. Mimi nilijifunza zaidi pale kuliko kwenye semina yoyote.

*Mpanda milima*
Kidepo msiiache kabisa. Ni hifadhi ya taifa tangu 1962. Mto wenyewe wa Kidepo sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu wenye mivumo kandokando. Kiangazi wanyama hukusanyika bonde la Narus kwenye maji. Lakini kilichonikaa moyoni ni mlima Morungole, kwa watu waitwao Waik. Ni kupanda kwa miguu saa kadhaa. Hawa si wafugaji wa ng'ombe kama majirani zao, wanalima na kurina asali, na lugha yao ni mbali kabisa na Kikarimojong. Mtoto mdogo hataweza ule mlima.

*Mfanyabiashara, Moroto*
Mkipata siku ya ziada, vukeni mpaka kwenda Lokiriama upande wa Turkana, Kenya, mahali ambapo Wamatheniko, Wakarimojong wa huku Moroto, na Waturkana walizika silaha mwaka 1973 na kuapa amani. Mtu mzima anavuka na kitambulisho cha taifa. Ila ulizeni hali ya usalama kwanza, asubuhi ileile ya safari.

*Mwenye mada*
Asanteni sana, na shikamoo mwalimu. Nimepunguza Kidepo iwe usiku mmoja, Morungole naiacha mpaka wakue, na manyatta inapata usiku mbili. Binti yangu ana miaka tisa na tayari anaulizia hizo fito. Mwalimu, je, akina mama hujenga hata Januari, au tutakuta kazi imekwisha?