Kitabu cha kuanzia bustani ya mboga: Seymour, Jeavons au Bartholomew?

Jembe Jipya
Wakuu, salaam. Nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, mita 6 kwa 5, na hamu ya kula nilichopanda mwenyewe. Nataka kununua kitabu kimoja tu. Nimebaki na vitatu: The Complete Book of Self-Sufficiency cha John Seymour (1976), How to Grow More Vegetables cha John Jeavons (1974) na Square Foot Gardening cha Mel Bartholomew (1981). Aliyevitumia shambani, si aliyeishia kwenye jalada, anisaidie.

Mama Kitalu
Seymour ninacho miaka mingi, na kurasa za kuchinja nguruwe bado safi kabisa. Hapo ndipo tatizo lako lilipo. Anafundisha ng'ombe, nyuki, mikate, bia, hadi kusuka vikapu, na mboga ni sehemu tu ya safari. Shamba dogo analolipangia ni la ekari moja, wewe una mita 30 za mraba. Tena misimu yake ni ya Uingereza. Michoro ni mizuri mno, nakiri, na ndicho kilichonitia wazimu wa kulima. Kiazime, usome usiku.

Samadi
Jeavons, bila kusita. Majedwali yake peke yake yanalipa bei ya kitabu: mbegu kiasi gani, nafasi ipi, mavuno ya kutarajia, vyote kwa tuta la mita za mraba 9 hivi. Kwako yanaingia matatu ukibana njia.

Ila ujue unachokinunua. Unachimba mfereji wa kina cha sentimita 30, udongo unauweka kando, halafu unalegeza sentimita 30 za chini kwa uma wa shambani bila kuzipindua, unasogea, unarudia. Tuta langu la kwanza lilinilaza siku mbili. Baada ya hapo karoti zilishuka moja kwa moja bila kugawanyika.

Kingine ni hesabu yake ya eneo: asilimia 60 nafaka na mimea inayokupa pia majani makavu ya mboji, 30 mazao ya mizizi yenye nguvu nyingi, 10 tu mboga nyingine. Mimi nilikuwa nimejaza letusi kila kona. Letusi haishibishi mtu.

Mvivu wa Bustani
Samadi atakuvunja mgongo, mkuu. Bartholomew: sanduku la sentimita 120 kwa 120, unaligawa viraba vya sentimita 30. Kiraba kimoja karoti 16, au maharage mafupi 9, au letusi 4, au kabichi 1. Kikivunwa unaongeza mboji, unapanda kingine. Magugu unayang'oa ukiwa na kikombe cha chai mkononi.

Angalia toleo lakini. La 1981 linarekebisha udongo ulio nao. Lile la 2006 linakuambia uuache kabisa, ujaze mchanganyiko wa kununua: theluthi mboji, theluthi piti (mabaki ya mimea yaliyooza kinamasi), theluthi vemikulaiti (madini mepesi yanayoshika maji). Sanduku moja sawa. Masanduku kumi, mfuko utalia.

Kisima Kikavu
Mbona hakuna aliyeuliza habari ya maji? Jeavons na Bartholomew wote wanabananisha mimea. Mtafute Steve Solomon, Gardening When It Counts. Yeye anatanua nafasi, ili kila mzizi uwe na udongo wake wa kunyonya mvua ikikawia. Na anakufundisha kunoa jembe, jambo ambalo watu huliona dogo hadi walime na lililonolewa.

Samadi
Majani yakigusana yanaweka kivuli, udongo haukauki haraka.

Kisima Kikavu
Udongo wa juu, ndiyo. Lakini maji mengi hupotea kupitia majani yenyewe, na ukiongeza majani umeongeza midomo ya kunywa. Ukiwa na bomba la uhakika, Jeavons ni sahihi. Ukiwa na ndoo, utanikumbuka.

Jembe Jipya
Bomba lipo, ingawa lina siku zake. Nimeamua: Jeavons, na tuta moja tu kwa kuanzia. Nusu nitabana kama anavyosema, nusu nitatanua kama Solomon, maji sawasawa pande zote mbili, nione. Seymour nitamwazima. Swali la mwisho: udongo wangu ni mfinyanzi na mvua imenyesha jana. Nianze kuchimba kesho?

Samadi
Subiri. Chota wa kina cha kiganja, ufinye, kisha usukume kwa kidole. Ukisambaratika, chimba. Ukibaki donge, liache jembe nyumbani, maana mfinyanzi ukichimbwa ukiwa mbichi unakauka kama tofali.