Naomba ushauri: kijiji kishirikianeje na shule, kuanzia awali hadi chuo?

Habari za majukumu wakuu. Niko kwenye kamati ya shule ya msingi kijijini kwetu, mkoani Dodoma. Tangu 2016 tunasoma bila ada, na 2022 kidato cha tano na sita nao wakaingia, lakini matokeo bado yanatuumiza. Watoto wa awali wanatoka nyumbani bila kitu tumboni. Ikifika saa nne wengine wameshalalia daftari. Wazazi huchanga mahindi baada ya mavuno, Januari stoo inabaki tupu na uji unakoma.

Tunataka kuunganisha msikiti, kanisa, vikoba na vijana wetu walioko vyuoni, mtoto afuatiliwe mpaka anapoomba mkopo wa chuo HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu). Huko wengi hukwama kwa sababu tu cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Inauma sana.

Mliowahi kufanya hivi, fedha alishika nani? Mwalimu mkuu, kamati, au akaunti ya pembeni? Na mzazi asiye na debe la kuchanga mlimpangia nini? Michango ni ya hiari, na sitaki kuona mtoto yeyote ananyimwa uji mbele ya wenzake.