Nimelazimishwa kusema nimeolewa na wanangu, mbele ya watu 40

Mama Wawili:

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, kwa hiyo asije mtu hapa kunidai aya na nukta.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Ni yule ambaye hata ukiandika taarifa ya msiba anaisoma akiwinda "of" iliyokaa pasipo pake. Ukipiga chafya karibu naye atakuuliza umeipiga "in" au "at". Nina hakika nusu yenu mmeshafanya naye kazi, maana mtu huyu ni mmoja tu duniani, tunazungushiwa.

Leo tulikuwa na mkutano wa mtandaoni. Watu 40, bosi mpya ndiyo kwanza kajiunga, tukaambiwa kila mtu ajitambulishe kwa Kiingereza, sentensi mbili tatu. Zamu yangu ikafika. Nikataja jina, nikataja kazi, nikamalizia: "I am married with two children." Maneno sita. Nimeyasema miaka yote na hakuna aliyelazwa.

Nikasikia "samahani". Akainua kidole. Kidole kimesogezwa kwenye kamera mpaka kikajaa kioo kizima kama nguzo ya umeme. "Married TO. Hakuna married with kwenye Kiingereza. Hebu rudia."

Hebu rudia! Mimi, mtu mzima, nina watu wananiita mama!

Na kwa vile bosi mpya alikuwa amenikodolea macho, nikarudia. Nikasema kwa sauti, maneno yote, kwa ufasaha: "I am married to two children."

Kimya. Mnakijua kile kimya cha watu 40 wanaotafsiri kichwani kwa wakati mmoja? Halafu kuna mmoja hakuzima maiki, akaachia cheko moja kama ndoo imedondoka kisimani. Nimeolewa na watoto wawili, wakuu. Wanangu. Niliowazaa mwenyewe. Na kile kidole bado kiko hewani, kimetulia, kimeridhika.

Angenisahihisha tu ningemeza. Angeniandikia pembeni ningemshukuru. Lakini kasema HEBU RUDIA.

Siti ya Mbele:

Nimewahi nafasi. Endeleeni.

Kisu Butu:

Pole dada. Ila harusi ilikuwa lini? Tulitaka kuchanga.

Jongoo Mwendo:

Anayelalamikiwa namjua bila kutajwa. Mimi aliwahi kunirudishia ripoti ya kurasa 30, hakugusa hoja hata moja, kazungushia duara jekundu "discuss about" mara 11. Pembeni kaandika "Discuss nini? Discuss bajeti. About ya nini?" Sawa, "discuss" haitaki "about", nimeelewa. Mbona "discussion" inaitaka? Wanasema "a discussion about the budget" na hakuna anayekamatwa. "Emphasize" peke yake, lakini "emphasis on". Kuomba, "request" tupu. Ombi, "a request for". Kitenzi kinatembea uchi, jina linavaa koti. Nani alikaa akapanga haya?

Kalamu Nyekundu:

Mama Wawili, subiri kwanza. Ulikuwa sahihi.

"Married to" inamtangulia mume au mke: "married to a teacher". Lakini "married with two children" ni Kiingereza safi kabisa, kinasemwa na kuandikwa kila siku. "With" pale haikuungi na ndoa, ina maana ya "mwenye". Nimeolewa, nina watoto wawili. Kosa lingekuwa "married with a teacher", ambalo linatuponyoka sana kwa sababu Kiswahili chetu ni "nimeolewa na". Alisikia "married with" akaruka nayo kabla hujamaliza sentensi.

Mama Wawili:

NILIKUWA SAHIHI?

Kwa hiyo nilikuwa na sentensi nzima, haina hata mkwaruzo, akaninyang'anya, akanipa mbovu, akasema HEBU RUDIA, na mimi nikairudia mbele ya bosi! Kidole kile chote kilikuwa cha kosa lake mwenyewe! Sikulia pale mkutanoni, nalia sasa hivi.

Kisu Butu:

Mrudie umwambie "hebu rudia" na wewe. Ila kwanza uliza kama wale watoto wamekubali talaka.

Nyuki Dume:

Hayo ya ndoa madogo. Njooni kwenye vyombo vya usafiri. Kwenye gari dogo uko "in the car". Kwenye basi uko "on the bus". Mimi miaka kumi nilidhani "on the bus" ni wale wanaopanda juu ya paa na mizigo. Ndege "on the plane", teksi "in a taxi". Wote si tumekaa ndani, tumefunga mikanda?

Kalamu Nyekundu:

Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake kinachukua "on": basi, treni, meli, ndege. Kile unachoingia ukiwa umejikunja kinachukua "in": gari dogo, teksi.

Nyuki Dume:

Na baiskeli? "On a bike." Unasimama na kutembea juu ya baiskeli?

Kalamu Nyekundu:

Baiskeli unaikalia juu, kama farasi.

Nyuki Dume:

Basi kanuni imekufa ikiwa na umri wa dakika mbili. Mazishi kesho.

Chura wa Masika:

Mnalia na "in" na "on", mimi nimefundishwa na walimu wawili. Wa kwanza kasomea Uingereza, "at the weekend". Wa pili kasomea Marekani, "on the weekend". Kila mmoja alinikata maksi kwa jibu la mwenzake. Tukaja kwenye "tofauti". Waingereza utawasikia na "different to", Wamarekani na "different than", na "different from" wanaikubali wote. Hawa wenye lugha hawajakubaliana, halafu mtu aje kuninyooshea kidole?

Jongoo Mwendo:

Kiswahili kimetuharibu kwa raha. Nipo nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani. Hiyo "-ni" moja inafanya kazi ya ukoo mzima na haiombi likizo. Kikizidi hapo tunakimeza kihusishi ndani ya kitenzi: lia, lilia, kimbia, kimbilia, piga, pigia. Ukirudi kwenye Kiingereza, "go to school" ina "to", "go home" haina. Nyumbani imekosa nini?

Mama Wawili:

Jamani, mimi bado sijaamua nimwandikie nini. Kesho asubuhi tuna mkutano tena na atakuwepo. Na kidole atakuwa nacho.

Chura wa Masika:

Sema "tomorrow morning" bila kitu mbele. Ukiweka "in the tomorrow morning" utakuwa umemchinjia ng'ombe.

Kipanga wa Usiku:

Jongoo, hapo kwenye "-ni" umenichokoza. Hiyo raha unayoisifu watu wanaiua kila siku. Nasoma matangazo yameandikwa "katika shuleni", "kwenye ofisini". Mzigo mmoja wapagazi wawili! Sema "shuleni" au sema "katika shule". Nalipuka kila nikiona.

Siti ya Mbele:

Umegusa kidonda. Mimi wanaoniua ni wa herufi h. "Uyu" badala ya "huyu", "apo" badala ya "hapo". Wanazinyang'anya pale zinapotakiwa, halafu wanakwenda kuzimwaga zisipotakiwa: "hamekuja", "halisema".

Nyuki Dume:

Na "x" je? "Xaxa", "xana", "maixha". Kuna dada aliniandikia "nakupenda xana" nikadhani ni hesabu.

Kisu Butu:

Nyuki, ulimjibu?

Nyuki Dume:

Nilimwambia "xawa".

Mama Wawili:

Wakuu, HEBU RUDIA jamani. Mbele ya watu 40.

Kipanga wa Usiku:

Siti ya Mbele, wa h afadhali. Kuna wanaoandika "siyo kwamba sio" ndani ya sentensi moja, nao huwezi kujua wanakataa au wanakubali. Hao nitawafungulia uzi wao leo leo.

Siti ya Mbele:

Fungua, nakuja kuwahi nafasi.